Bloku mpya, oili bado inavuja: anza na pumzi ya injini, gasketi baadaye

Swali: Pikipiki yangu ni ya Kichina, sisi 150, injini ya pushirodi, ile yenye fito zinazosukuma vali kutoka chini. Naifanyia kazi ya bodaboda Mbagala Rangi Tatu. Ilikuwa inakula oili, fundi akafungua juu: bloku mpya, pistoni, ringi na gasketi zote za juu. Siku ya nne oili ikaanza kulowesha chini ya bloku, na sasa hata upande wa sproketi ya mbele unatiririka wakati huko hatukugusa kabisa. Fundi ameshapaka silikoni mara mbili. Naongeza nusu lita kila siku tatu. Nibadilishe gasketi tena, au nifungue injini yote?

Jibu: Kaka, kwa sasa usibadilishe kitu. Katika maelezo yako kuna jambo moja lenye uzito kuliko mengine yote: upande wa sproketi hamkuugusa, lakini nao umeanza kuvuja. Gasketi ya chini ya bloku ikifungwa vibaya italowesha chini ya bloku, basi. Haina namna ya kuifanya sili ya shafti ya gia, ule mpira unaozuia oili kule nyuma sproketi inapokaa, ianze kuvuja siku zilezile. Sehemu mbili zisizohusiana zikianza kutoa oili pamoja, shuku kwamba kuna kitu kinaisukuma kutoka ndani. Mara nyingi kitu hicho ni hewa.

Injini ya silinda moja ni pampu ya hewa hata kwa upande wa chini. Pistoni ikishuka, inakandamiza hewa iliyo ndani ya kesi, lile ganda la chini lenye krenki na gia, ujazo wa sisi 150 kila inaposhuka. Krenki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni mara 100 kwa sekunde. Hewa hiyo imewekewa njia yake ya kutokea, ile paipu ya mpira ya kupumulia. Njia hiyo ikiziba, au ringi zikipitisha moto wa juu kwenda chini, presha inatafuta pa kutokea na kuibeba oili. Itatokea penye udhaifu: penye gasketi iliyokaa upande, na penye sili ambayo tayari ina miaka yake. Sili yako ya sproketi huenda ilikuwa imechoka zamani, ikawa inajikaza tu kwa sababu hakuna aliyekuwa anaisukuma.

Sasa tuifanyie hesabu ile nusu lita. Kwa siku tatu ni kama mililita 167 kwa siku. Mililita moja ya oili hutoa matone kama 20, kwa hiyo unazungumzia matone 3,300 hivi kila siku. Ukikaa barabarani saa kumi, hilo ni tone moja kila sekunde 11, bila kupumzika. Pikipiki inayodondosha kiasi hicho haijifichi. Ukiiacha inaunguruma kijiweni kwa dakika kumi, itaacha matone zaidi ya 50 chini. Tandika kipande cha katoni chini yake ukimaliza safari moja ndefu, iache inaunguruma dakika kumi, kisha izime na uhesabu. Ukikuta matone matano au sita, basi oili nyingi haiendi chini. Inaungua, au inatoka kama mvuke kwenye paipu ya kupumulia, au tangu mwanzo hukuipima sawasawa.

Hilo la kupima nalisisitiza, maana linawaponza wengi. Fimbo ya kupimia oili kwenye injini za muundo wako iko upande wa kulia. Stendi ya pembeni inalaza pikipiki kushoto. Ukipima ikiwa imelala hivyo, oili yote imekimbilia upande wa pili, fimbo inatoka imelowa nchani tu, nawe unaona imepungua na unaongeza. Siku ya tatu unaongeza tena. Injini inayochukua takriban lita moja ukiijaza lita moja na nusu, krenki inaanza kuipigapiga oili mpaka itoe povu, nafasi ya hewa ndani ya kesi inabana, na presha inapanda. Oili inavuja kwa sababu imezidi, nawe unaongeza kwa sababu inavuja.

Pima hivi: stendi ya kati, sakafu iliyo sawa, washa dakika tatu, zima, subiri nyingine tatu. Toa fimbo, ifute, irudishe bila kuizungusha kwenye nyuzi zake, iache ikae tu juu ya tundu, kisha itoe uisome. Alama ya juu isivukwe. Ikizidi, legeza nati ya chini ya kumwagia oili uipunguze kwenye chombo safi. Kiasi halisi cha injini yako kipo kwenye kitabu, na kwenye injini nyingine kimeandikwa karibu na tundu la kujazia.

Kipimo kikiwa sawa, nenda kwenye paipu ya kupumulia. Kwa pikipiki nyingi za aina yako inaanzia juu ya kesi, nyuma ya bloku. Nyingine inaanzia kwenye kifuniko cha hedi. Ifuate kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Injini ikishushwa na kurudishwa, paipu hii ndiyo inayosahaulika: imebanwa kati ya fremu na bloku, imekunjika chini ya tangi, au imerudishwa bila klipu na ikachomoka. Wako pia mafundi wanaoikunja na kuifunga kwa waya kwa makusudi, kwa kuwa ilikuwa inatoa mvuke wa oili na kulowesha chujio la hewa. Huko ni kumziba mtu pua kwa sababu ana mafua. Ikiwa ncha yake inaning'inia chini, angalia tope. Msimu wa masika, ukipita maji ya barabarani kila siku, tope linaingia na kukauka humo kama udongo wa ukutani. Na pikipiki iliyolala wiki mbili uani ikisubiri spea, usishangae kukuta dondola wamejenga ndani.

Ichomoe, ipulize kwa mdomo. Hewa inapaswa kupita bila wewe kukaza mashavu. Ukiwa na shaka, ioshe kwa petroli, ikaushe, na kama mpira wake umelegea hadi kuta zinagusana, nunua mpya. Ni kipande cha mpira tu, kata urefu uleule.

Baada ya hapo fanya jaribio la glavu. Zamani mafundi walitumia mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2019, na kwa kweli glavu nyepesi ya mpira inafaa zaidi. Ifunge kwenye ncha ya paipu ya kupumulia kwa rababendi, toboa tundu dogo la sindano kwenye kidole kimoja, washa injini ikiwa imepata moto, iache kwenye mzunguko wa taratibu. Glavu itapepesuka, itajaa kidogo na kunywea. Hiyo ni pumzi ya kawaida. Ikisimama wima imevimba na kukaza, na hainywei, ringi zinapitisha. Ishara nyingine ni kufungua tundu la oili injini ikiunguruma: mvuke mwepesi wa kupulizapuliza hauna shida, lakini moshi unaosukuma mfululizo na kukurushia matone kifuani ni habari nyingine.

Bloku na ringi ni mpya, kwa nini zipitishe? Zipo sababu nne ninazozishuku, na zote zinatokana na ufungaji. Ya kwanza, ringi ya juu au ya pili imegeuzwa. Ringi huwa na herufi au namba ndogo karibu na ncha, na upande huo ndio unaoangalia juu. Ya pili, mapengo ya ringi yamepangwa mstari mmoja. Yanatakiwa yaachane kama theluthi ya duara. Ya tatu, ile ringi ya oili yenye vipande vitatu: ncha za springi yake ya katikati zinatakiwa zigusane uso kwa uso. Zikipandana, ringi haikamati ukuta, na injini itakula oili kuliko ilivyokula kabla ya kufunguliwa. Ya nne, pistoni na bloku havikutoka kwenye seti moja, au ringi haikupimwa pengo. Unaisukuma ringi peke yake ndani ya bloku kwa kutumia kichwa cha pistoni ili ikae sawa, sentimita mbili hivi kutoka mdomoni, kisha unaingiza fila, vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi, kwenye pengo. Kwa silinda ndogo kama hiyo, ringi mpya hutoa kati ya milimita 0.15 na 0.35. Ukipata 0.5 au zaidi, ringi hizo si za bloku hiyo, hata kama boksi linasema ni za 150.

Ongeza na hili: ringi mpya zinahitaji kukaa. Kilomita mia chache za mwanzo zitapitisha kidogo, hilo ni la kawaida. Moshi wa bluu unaopungua siku hadi siku, vumilia hadi kama kilomita 500. Usiopungua, au unaozidi ukiachia akseli kwenye mteremko, fungua juu uangalie hayo manne.

Ikiwa glavu imepepesuka vizuri na kipimo cha oili kiko sawa, ndipo tunaanza kutafuta tundu. Sasa hivi huwezi kuliona kwa sababu kila mahali pamelowa. Oili hushuka kwa uzito wake na hurudi nyuma kwa upepo, hivyo pale inapodondokea si pale inapotokea. Osha injini yote kwa mafuta ya taa na brashi, kisha sabuni na maji ya kawaida, usielekeze maji ya presha kwenye kabureta wala plagi. Ikauke kabisa, jua la Dar saa sita mchana litakusaidia bure. Kisha chukua poda ya watoto, ipulize kwenye miungo yote: hedi na bloku, bloku na kesi, kifuniko cha klachi, kifuniko cha magneto, eneo la sproketi. Injini itakuwa nyeupe kama imetoka kwenye kinu. Endesha kilomita mbili tatu, simama, piga tochi. Tafuta alama iliyo juu zaidi na mbele zaidi. Yaliyo chini na nyuma yake yote ni mtiririko tu, usiyahesabu.

Kabla hujaihukumu sili ya sproketi, fungua kifuniko chake na uangalie ile oili. Unapaka cheni oili chafu? Vijiwe vingi wanafanya hivyo, na cheni ikizunguka inaitupa yote ndani ya kifuniko cha sproketi, inachanganyika na vumbi, inakuwa uji mweusi unaotiririka chini upande wa kushoto. Safisha hapo, usipake cheni kitu kwa siku mbili, kisha angalia tena. Oili ya injini iliyobadilishwa juzi itakuwa bado na rangi ya asali au kahawia nyepesi, na itaonekana kama duara linaloanzia kwenye shafti. Nyuma ya sproketi hiyohiyo angalia pia swichi ya nyutro, ile yenye waya mmoja: ina oringi, pete yake ndogo ya mpira, na ikikauka inavuja huku lawama ikienda kwa sili. Na shafti ya kubadilishia gia nayo ina sili yake hapohapo chini. Poda itakuambia ni ipi kati ya tatu.

Tuje chini ya bloku. Poda ikionyesha mstari unaoanzia kwenye muungo wa bloku na kesi, itabidi bloku inyanyuliwe, na safari hii ifungwe kwa utulivu. Angalia kwanza mstari huo uko wapi. Injini yako ina kesi mbili, kushoto na kulia, zilizounganishwa katikati na gasketi yake. Mdomo ambao bloku inakalia umegawanywa na muungo huo, mbele na nyuma. Pale ndipo bloku nyingi zinapovujia. Gasketi ya katikati imechomoza nusu milimita juu ya uso, au imebonyea chini, au kesi moja iko juu kidogo ya nyenzake. Gasketi ya bloku ikilala juu ya ngazi hiyo haibanwi sawa, hata ukikaza mpaka nati ilie. Kata kilichochomoza kwa wembe mpya, uulaze wembe kwenye chuma. Pitisha ukucha: usikwame. Hapo, na hapo tu, weka silikoni kiasi cha punje ya mchele kila upande, mbele na nyuma, kisha gasketi kavu juu yake.

Nyuso zenyewe zisafishwe kwa subira. Gasketi kuukuu iliyogandia iloweshe kwa mafuta ya taa nusu saa, ikwangue kwa kipande cha plastiki ngumu au wembe uliolazwa. Bisibisi haifai. Alumini ni laini, na mkwaruzo mmoja wa bisibisi unaokatiza uso kutoka ndani kwenda nje ni mfereji uliouchimba mwenyewe. Ziba mdomo wa kesi kwa kitambaa safi wakati unakwangua, takataka zisidondokee kwenye krenki. Uso wa chini wa bloku haulali kwenye kioo kwa sababu silivu imechomoza pale, lakini uso wa juu, unaokaliwa na hedi, hata wa bloku mpya, ujaribu: tandika msasa namba 400 juu ya kioo kinene, nyunyizia mafuta ya taa, zungusha bloku kwa mwendo wa namba nane mara chache, bila kuikandamiza. Ukigeuza, sehemu zilizong'aa ndizo zilizogusa. Pakibaki kivuli kikubwa chenye weusi, uso umepinda. Endelea mpaka ung'ae wote, osha kwa sabuni na maji ya moto, kausha, paka oili ukuta wa ndani mara moja kabla haujashika kutu. Hewa ya huku kwetu ina chumvi, chuma kitupu hakimalizi usiku.

Gasketi yenyewe iwe ya karatasi ya gasketi, si ya boksi la viatu. Karatasi ya boksi hunywa oili, hulainika, na baada ya siku tatu imekuwa uji. Ukikata mwenyewe, linganisha unene na ile ya zamani, na hakikisha kila tundu lililopo kwenye chuma lipo kwenye karatasi. Tundu dogo la kupitishia oili likisahaulika, hedi inakaa kavu, na roka, vile vyuma vinavyobonyeza vali, zitalia kabla hujafika mataa ya Tazara. Pini mbili za kuongoza bloku zirudi mahali pake. Ikiwa moja ina oringi, oringi iwe mpya.

Kukaza. Matundu ya nati na bolti yawe matupu. Tundu lisilotokea upande wa pili likibaki na oili au maji, bolti ikishuka inaigandamiza hiyo oili. Unahisi imekaza kumbe inagombana na majimaji, na kesi inaweza kupasuka. Pulizia kwa upepo au chovya kitambaa. Nati nne za hedi ndizo zinazobana bloku pia, kwa hiyo zikaze kwa msalaba, hatua tatu: kwanza kwa vidole mpaka zikae, halafu nusu, halafu mwisho. Stadi za milimita 8, zile bolti zisizo na kichwa zinazoshika nati hizo, kwenye injini ndogo kama hii hukazwa nyutonmita 20 hadi 25. Fuata kitabu chako kikitofautiana. Bolti za milimita 6 za vifuniko ni nyutonmita 10 tu, na hapo wengi wanazidisha. Spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, unaweza kuiazima, lakini kama haipo kabisa, shika spana fupi karibu na kichwa, usiikamate mwishoni, na usimwachie kijana mwenye hasira ya njaa. Nyuzi za alumini zikishakatika, bolti itazunguka milele na gasketi haitabanwa. Dawa yake ni kuweka helikoili, nyuzi mpya za waya, kwa fundi kerezo, mtaani Gerezani wako wa kutosha. Kuiongezea tepu ni kujidanganya.

Washa za shaba chini ya nati za hedi zina kazi. Katika injini nyingi, stadi moja au zaidi zinapitia kwenye njia ya oili kwenda juu, na nati yake ni ile iliyofunikwa kichwa, yenye washa ya shaba. Zikichanganywa, oili inapanda kwenye nyuzi za stadi na kumwagikia kwenye mapezi ya bloku, nawe utaapa kwamba gasketi ya hedi imekufa. Washa kuukuu imegandamizwa na kuwa ngumu. Kama mpya haipo, ichome mpaka iwe nyekundu, itumbukize kwenye maji. Shaba, tofauti na chuma cha pua cha kisu, inalainika kwa namna hiyo na kukamata tena.

Bolti za kifuniko cha klachi hazilingani urefu. Kabla ya kuzitoa, chora umbo la kifuniko kwenye katoni, toboa, chomeka kila bolti mahali pake. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inafika mwisho kabla ya kubana, na pale pembeni yake ndipo oili itatokea.

Silikoni sasa, maana fundi wako anaiamini. Haizibi kitu ikipakwa kwa nje juu ya oili. Inashika kwenye vumbi na kubanduka kama gamba. Ikipakwa ndani kwa wingi, ukibana, nusu inatoka nje na nusu inaingia ndani. Ile ya nje unaiona na kuifurahia. Ya ndani inaning'inia kama mnyoo, siku moja inakatika, inaenda kukaa kwenye wavu wa pampu ya oili. Wavu ukiziba, oili haipandi, na injini uliyoigharimia bloku inakufa kwa kukosa oili huku fimbo ikionyesha imejaa. Kwa kuwa ameshapaka mara mbili, ukifungua safari hii safisha huo wavu, utakuta vipande. Silikoni ina nafasi yake: filamu nyembamba kwenye miungo ambayo kiwanda hakikuweka gasketi, na zile punje mbili za mchele. Gasketi ya hedi isiiguse kabisa. Na ukiipaka, ipe saa 24 kabla ya kutia oili. Najua hesabu ya bosi haisubiri, lakini ukiwasha baada ya saa moja umeipaka bure.

Ukimaliza kufunga, jaza oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, yaani inayofaa klachi inayooga oili; uzito wa 20W-50 unafaa kwa joto letu. Oili nzito zaidi haitibu uvujaji, inauchelewesha tu. Washa, fungua kifuniko cha vali juu ya hedi, uone oili imefika juu ndani ya dakika moja. Isipofika, zima palepale. Kesho yake injini ikiwa baridi kabisa, rudia kukaza nati za hedi, kisha pima vali upya kwa sababu hedi imeshuka kidogo. Injini nyingi za muundo wa Honda CG huwekwa milimita 0.08, ndani na nje. Mwaga oili ya kwanza mapema, kilomita 300 zinatosha, na uichunguze kwenye kitambaa cheupe. Tafadhali isiishie kwenye mtaro.

Sili ya sproketi nimeiacha mwisho makusudi. Inawezekana ukishafungua pumzi ya injini itaacha yenyewe. Ipe siku tatu na poda. Ikiendelea, toa sproketi, na kabla ya kugusa sili shika shafti, itikise juu na chini. Isitikisike. Kama ni imara, ing'oe sili ya zamani bila kukwaruza tundu lake, soma namba zake: mfano 20×34×7 maana yake tundu la ndani milimita 20, nje 34, unene 7. Nunua kwa namba hizo, usinunue kwa jina la pikipiki. Angalia shafti au bushi yake pale mdomo wa sili unapokalia: ukucha ukinasa kwenye kijia, sili mpya itavuja hivyohivyo. Badilisha bushi, au iweke sili milimita moja nje zaidi ili mdomo wake ukute chuma kizima. Zungushia tepu ya nailoni kwenye meno ya shafti, paka grisi mdomoni, upande wenye springi uangalie ndani, uigonge kwa soketi yenye upana wake huku ukizunguka, iingie bila kulala upande. Sili iliyochanwa na meno ya shafti wakati wa kuingia huwa haionekani kwa macho, inavuja tu. Cheni iache na mchezo wa sentimita mbili hadi tatu katikati. Ikikazwa kama uzi wa gitaa inaivuta shafti kila siku na kuimaliza bering.

Na ikiwa ulipoitikisa shafti ilicheza, basi bering imeshakwenda, na sili yoyote utakayoweka haitamaliza mwezi. Hapo ndipo jibu la swali lako la mwisho linapokuwa ndiyo: teremsha injini, gawanya kesi, badilisha bering na sili zote za shafti kwa pamoja, na gasketi ya katikati ikatwe sawasawa na uso kabla bloku haijarudi.